Vazi la Garba: Maelezo ya Historia ya Mavazi ya Ngoma katika Gujarat na Kutch

Kila mwaka katika mwezi wa Ashvin, ambao huangukia baina ya Septemba na Oktoba, watu wa jimbo la Gujarat katika Bara Hindi hukesha siku tisa wakicheza ngoma iitwayo garba. Wachezaji huzunguka duara, wakipiga makofi na kuinama na kugeuka. Na katikati ya duara huwekwa ama sanamu ya mungu wa kike, ama chungu chenye matundu ambacho ndani yake imewashwa taa. Jina la ngoma latokana na neno la Kisanskriti garbha, maana yake tumbo la uzazi, na chungu kile ndicho mfano wake. Ngoma hii imekwisha kuenea mbali na kwao. Huchezwa Dar es Salaam, Nairobi, Leicester na kwingineko walikohamia Wagujarati. Mwaka 2023, katika mkutano uliofanywa Kasane, Botswana, UNESCO iliitia katika orodha ya urithi usioshikika wa wanadamu.

Makala haya hayahusu hatua za ngoma hiyo, bali mavazi yake. Watazamaji wengi, na hata wachezaji wenyewe, huyaita mavazi ya asili, wakaridhika na jina hilo. Nakusudia kuonyesha kwamba neno "asili" hapa laficha mengi. Vazi la garba ni kazi ya mikono ya watu wengi, wa kazi mbalimbali na dini mbalimbali. Nalo limezidi kuwa vazi la ngoma kwa kadiri lilivyoacha kuwa vazi la kila siku.

Kwanza tutazame sehemu zake. Mwanamke huvaa chaniyo, yaani sketi pana yenye marinda mengi ifikayo vifundoni. Na choli, yaani blauzi fupi ya kubana, ambayo katika mtindo wa vijijini huwa wazi mgongoni na kufungwa kwa kamba. Juu yake hujitanda odhani, utaji mrefu ambao ncha yake moja huchomekwa kiunoni. Upana wa chaniyo si urembo tu. Mchezaji anapogeuka kwa kasi, marinda hufunguka na sketi husimama mfano wa mwavuli. Kwa hiyo fundi anayeshona kwa ajili ya ngoma hupima nguo kwa mzunguko wake kwanza, kisha ndipo hutazama nakshi. Mwanamume naye huvaa kediyu, kisibau cheupe cha pamba kilichobana kifuani na mikononi, ambacho chini ya kifua kina marinda yanayotanuka anapozunguka; pamoja na suruali iliyo pana kiunoni na nyembamba miguuni. Hili lilikuwa vazi la wachungaji, nao walilivaa malishoni kabla halijaingia jukwaani.

Nguo ipendwayo sana kwa utaji ni bandhani. Shina la neno hili ni bandh, yaani kufunga, na jina laeleza kazi yenyewe. Kitambaa huchorwa alama kwa rangi isiyodumu, kisha hupelekwa majumbani kwa wanawake wafungao. Kila nukta huinuliwa kwa ukucha na kuzungushiwa uzi wa pamba kwa nguvu, na nguo moja huweza kuwa na maelfu ya nukta. Baada ya hapo huchovywa katika rangi hafifu, kama manjano; hufungwa tena mahali pengine; huchovywa katika nyekundu; na mwisho, pengine, katika rangi iliyokoza zaidi. Nguo ikikauka huvutwa, nyuzi zikakatika, na nukta zikaonekana. Katika nchi ya Kutch, iliyo magharibi mwa Gujarat, mafundi mashuhuri wa kazi hii ni Wakhatri, ambao wengi wao ni Waislamu. Basi nguo ambayo mwanamke wa Kihindu hujitanda mbele ya taa ya mungu wake, mara nyingi imetoka katika birika la Mwislamu. Na desturi haikuona ajabu katika jambo hilo.

Sehemu ya pili ya urembo ni almaria na vioo. Kioo kishonwacho katika nguo hakina tundu. Mdarizi hukiweka juu ya kitambaa, hukishika kwa nyuzi zinazokatana juu yake, kisha huzungusha mshono pembeni ukazivuta nyuzi zile kando, hata kioo kikakaa katika kitanda chake. Hapa mwanafunzi wa lugha hana budi kusimama kidogo. Neno letu "darizi" na neno la Kigujarati darji, yaani mshonaji, yote mawili chimbuko lake ni neno la Kiajemi darz, maana yake mshono. Kadhalika "doti", ambayo kwetu ni kipimo cha nguo, ni dhoti ya Kihindi. Si ajabu, kwa kuwa bandari ya Mandvi, iliyo Kutch, ilikuwa na biashara kubwa na Unguja katika karne ya 19, na maneno husafiri pamoja na bidhaa.

Miongoni mwa wadarizi wa Kutch, wajulikanao sana ni Warabari, wafugaji wa ngamia, kondoo na mbuzi. Wao hutumia vioo vya maumbo mengi: vya duara, vya mraba na vya pembe tatu. Msichana alidarizi mwenyewe nguo za mahari yake. Na kwa kuwa vipande vilivyotakiwa viliongezeka, kazi ilichukua miaka, na bibi arusi akakawia kwenda kwa mumewe. Mwaka 1995 wazee wa tawi moja la Warabari, liitwalo Dhebaria, walipiga marufuku almaria ya mkono kwa matumizi yao wenyewe. Hawakuichukia sanaa, waliona mzigo wake umewaelemea vijana. Wanawake wakageukia cherehani, wakapamba nguo zao kwa utepe na mapambo ya dukani.

Hapo ndipo jambo tulilolisema mwanzoni linapoonekana wazi. Katika miaka ile ile ambayo mwanamke wa Dhebaria alikatazwa kuvaa almaria ya mkono wake, mchezaji wa mjini aliitafuta almaria ya namna ile kwa garba, akaiita asili. Tena mwanamke wa Kirabari kwa desturi huvaa sufu nyeusi, na husimuliwa kwamba ni ishara ya matanga ya kale. Ilhali vazi la jukwaani lililoiga mishono yake limejaa nyekundu, kijani na manjano. Rangi hizo nazo zina historia. Rangi nyekundu ya alizarini, iliyotoka katika mizizi, ilipatikana kwa kemia mwaka 1869, na nili ya kiwandani iliuzwa kuanzia mwaka 1897. Kwa hiyo nyekundu ile ing'aayo ambayo wengi huiona ya kale sana, huenda haina umri mkubwa kuliko reli.

Haya hayapunguzi heshima ya vazi. Wako waliojitahidi kuiunganisha tena nguo na mikono iliyoishona. Chanda Shroff alianzisha Shrujan mwaka 1969, wakati wa ukame, ili wanawake wa Kutch wapate ujira kwa almaria yao. Kazi kama hiyo imefanya mishono mingi iendelee kujulikana, hata pale ambapo haihitajiki tena kwa mahari. Walakini mshono ushonwao kwa ajili ya soko si sawa na ule ushonwao kwa ajili ya binti. Wa kwanza hufuata rangi na kipimo cha mnunuzi. Wa pili ulimtambulisha mvaaji kwa kabila lake, tawi lake na hali yake ya ndoa. Jukwaani alama hizo zote zaweza kuchanganywa katika sketi moja, zikapendeza macho, na zisimwambie mtu neno.

Basi afanyaye utafiti wa ngoma asitosheke kuandika kwamba wachezaji walivaa mavazi ya asili. Na aulize nguo imefungwa na nani, imechovywa na nani, mshono huu huitwaje na nani alikuwa na haki ya kuuvaa. Majina ya mishono ni sehemu ya lugha kama majina ya mimea na samaki, nayo huwahi kusahauliwa kabla ya nguo zenyewe kuchakaa. Nguo yaweza kuhifadhiwa sandukuni au katika jumba la makumbusho. Jina lake huhifadhiwa kinywani tu, mpaka atokee mtu wa kuliandika.