Flashi yako haisomi? Soma hapa kabla ya kuifomati

Umechomeka flashi kwenye kompyuta ya stesheneri ili uchapishe barua ya kuomba kazi, na skrini inakuletea ujumbe wa Kiingereza unaosema kwamba lazima flashi ifomatiwe kabla ya kutumika. Nyuma yako kuna watu watatu wanaosubiri zamu. Mwenye duka anakuambia, "Bonyeza tu, tuendelee." Usibonyeze. Chagua "Cancel", chomoa flashi yako, umpishe anayefuata, kisha usome maelezo haya kwa utulivu.

Kufomati ni kuandaa flashi upya kana kwamba ndiyo kwanza imetoka dukani. Baada ya hapo itafanya kazi vizuri, lakini itakuwa tupu. Kwa mtu aliyehifadhi nyimbo na filamu tu, hiyo si hasara kubwa. Lakini hapa Nakivale, kama ilivyo katika makazi mengine ya wakimbizi, flashi nyingi zina vitu visivyoweza kununuliwa tena: diploma iliyopigwa picha kabla ya nyumba kuchomwa, cheti cha kuzaliwa ambacho nakala yake ya karatasi ilibaki upande wa pili wa mpaka, picha pekee ya mzazi aliyefariki. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini lengo la kwanza ni kuokoa kilichomo. Kuitengeneza flashi yenyewe kunakuja baadaye, na mara nyingi hakuna haja, maana flashi mpya ni rahisi kupatikana kuliko diploma.

Habari njema ni kwamba ujumbe ule haumaanishi kuwa faili zako zimepotea. Ndani ya flashi kuna faili zenyewe, halafu kuna orodha inayoieleza kompyuta kila faili imekaa wapi. Kinachoharibika mara nyingi ni orodha. Fikiria siku ya mgao: karatasi ya majina ikiloa mvua, watu bado wamesimama kwenye foleni. Hawajaenda popote. Kazi inayobaki ni kuwatambua upya.

Anza na mambo madogo

Jaribu tundu jingine la USB. Ikiwa ni kompyuta kubwa ya mezani, tumia matundu ya nyuma, kwa sababu yale ya mbele hulegea kwa kutumiwa kila siku na waya zake wakati mwingine hazikufungwa vizuri. Usipitishe flashi kwenye kigawanyio chenye matundu mengi. Kinapokuwa na vifaa vitatu au vinne, umeme unaofika kwenye flashi yako unaweza kuwa mdogo. Angalia pia mdomo wa flashi. Vumbi la kiangazi likichanganyika na jasho la mfukoni huacha utando kwenye vile vibati vya rangi ya dhahabu. Kitambaa kikavu au pamba yenye spiriti kidogo inatosha, kisha uache ikauke kabisa.

Halafu jaribu kompyuta nyingine. Hatua hii watu huiruka, wakati ndiyo inayokueleza kama ugonjwa uko kwenye flashi au kwenye mashine. Flashi ikisoma kwa jirani na isisome kwako, flashi yako ni nzima.

Na kama inasoma kwenye kompyuta lakini redio, sabufa au simu inaikataa, hapo pia hakuna kilichoharibika. Tatizo ni namna flashi ilivyopangwa ndani. Redio na televisheni nyingi hutaka mpango uitwao FAT32, na simu nyingi za Android hazisomi ule uitwao NTFS. FAT32 nayo ina mpaka wake: haipokei faili moja inayozidi GB 4, ndiyo maana filamu ndefu inaweza kugoma kuingia hata kama nafasi bado ipo.

Folda zimegeuka kuwa vijimshale

Hili ndilo tatizo tunaloulizwa zaidi. Unafungua flashi na kukuta kila folda imekuwa alama ya njia ya mkato, ile yenye kimshale kidogo pembeni, au unakuta alama moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Ukiibofya, unawasha virusi na kuvihamishia kwenye kompyuta uliyokalia. Virusi hivi kwa kawaida havifuti faili zako. Huzificha, kisha huweka chambo mahali pake.

Njia rahisi ya kuziona ni simu ya Android yenye waya wa OTG, ule mfupi unaounganisha flashi na simu. Virusi hivi vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, na simu haijali alama ya kuficha inayotumiwa huko, kwa hiyo faili zako hujitokeza kama kawaida, wakati mwingine zikiwa ndani ya folda isiyo na jina. Nakili unachohitaji kwenye simu. Usinakili vijimshale.

Kama una kompyuta tu, fungua dirisha jeusi la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, kisha andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mahali pa E weka herufi ya flashi yako kama inavyoonekana kwenye kompyuta hiyo. Bonyeza "Enter" na usubiri. Folda zikionekana, nakili nyaraka na picha zako mahali salama. Ukishahakikisha kwamba zinafunguka, hapo sasa unaweza kuifomati flashi ili kuondoa virusi vilivyobaki. Kompyuta iliyoiambukiza isiposafishwa kwa programu ya kuzuia virusi, utaambukizwa tena siku utakayorudi.

Kompyuta inaiona, ila haifunguki

Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows iliyo chini ya skrini, uchague "Disk Management". Hapo utaona kila hifadhi iliyounganishwa. Tafuta yenye ukubwa unaolingana na flashi yako, kisha tazama kilichoandikwa.

Ikiwa haina herufi, ipe: bofya kulia juu yake, uchague kubadilisha herufi, weka yoyote isiyotumika. Mara nyingi flashi hufunguka papo hapo. Ikiwa imeandikwa RAW, ile orodha tuliyoitaja imeharibika, na hiyo ndiyo hali inayoleta ujumbe wa kufomati. Ikiwa imeandikwa "No Media", sehemu ya flashi inayozungumza na kompyuta bado ipo hai lakini haiifikii tena kumbukumbu. Hapo hakuna programu itakayosaidia, hata ukiambiwa vingine na mtu anayetaka ulipie.

Kwa hali ya RAW kuna programu mbili za bure, TestDisk na PhotoRec, ambazo hupakuliwa pamoja. TestDisk hujaribu kuirudisha orodha. PhotoRec haijali orodha kabisa. Hupita kumbukumbu yote na kuokota kila inachokitambua kama picha, hati au video. Faili zitarudi bila majina yake ya zamani, kwa hiyo jiandae kufungua mamia ya picha ukitafuta moja. Inachosha, lakini inafanya kazi. Sharti ni moja: kila unachookoa kihifadhi kwenye kompyuta au flashi nyingine, kamwe si kwenye hiyohiyo inayoumwa, maana kila kitu kipya kinachoandikwa humo kinaweza kukalia mahali pa kile unachokitafuta.

Sharti hilohilo linamhusu aliyefuta kwa bahati mbaya au aliyekwisha kubonyeza kufomati. Mimi mwenyewe niliwahi kufomati flashi yenye picha za mafunzo ya wiki nzima kwa sababu nilikuwa na haraka, na nilichofanya vizuri siku ile ni kuacha kuigusa. Faili inayofutwa kwenye flashi kwa kawaida haiendi kwenye pipa la taka la Windows, lakini haijafutika kabisa hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka, ambako huchukua sekunde chache, hufuta orodha tu. Kule kwa muda mrefu hufuta kila kitu, na hapo matumaini huisha.

Mafundi wengi hukimbilia amri ya chkdsk. Si mbaya, ila inarekebisha orodha kwa kukata isichokielewa, na unaweza kubaki na vipande vya faili. Mwombe fundi aokoe kwanza, ndipo aitumie.

Haipokei kitu kipya, au imevunjika

Flashi inayofunguka lakini inakataa kuandikwa inaweza kuwa na kiswichi kidogo cha kufunga ubavuni. Kama haina, pengine kumbukumbu yake imechoka na imejifunga yenyewe. Ishukuru kwa kukupa muda wa kunakili, kisha nunua nyingine.

Mdomo ukipinda, usiutikise huku na huku hadi ushike. Kila mtikiso unang'oa zaidi. Flashi ya kawaida ya USB 2.0 ina viunganishi vinne tu, na fundi wa simu mwenye mkono mzuri anaweza kuvilehemu kwa muda wa kutosha kunakili. Zile ndogo sana zinazokaribia ukubwa wa ukucha ni ngumu zaidi, kwa kuwa kila kitu kimefungwa ndani ya kipande kimoja. Flashi iliyofuliwa pamoja na suruali usiichomeke siku hiyo. Iache kivulini siku kadhaa, na si juu ya bati la moto.

Jihadhari pia na flashi ya bei ya kutupa iliyoandikwa TB 1 au TB 2. Ndani huwa na kumbukumbu ndogo iliyofundishwa kudanganya: ikijaa, huandika juu ya faili za zamani au hutupa mpya, wakati kompyuta inaonyesha kwamba yote yamehifadhiwa. Ukinunua mpya, ijaribu ikiwa bado tupu kwa programu ya bure ya H2testw, inayoijaza yote na kuisoma tena. Ila usigombane na muuzaji kwa sababu flashi ya GB 32 inaonyesha 29 na ushee. Hiyo ni tofauti ya hesabu kati ya kiwanda na kompyuta, si wizi.

Unapompelekea fundi

Keti naye hadi amalize. Flashi yenye kadi ya ukimbizi, namba za simu za jamaa na maelezo ya kesi yako haipaswi kulala dukani. Kazi ikiisha, mwombe afute nakala zilizobaki kwenye kompyuta yake na amwage pipa la taka mbele yako. Kumbuka kwamba huduma za UNHCR na washirika wake ni za bure. Mtu akikuonyesha kwamba ana nyaraka zako na kudai pesa ili "aharakishe" faili yako, huo ni utapeli, uripoti. Na kama kilichopotea ni picha tu ya kadi au ya hati ya familia, wakati karatasi yenyewe unayo nyumbani, hujapoteza chochote mbele ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Piga picha upya.

Kwa zile nyaraka ambazo karatasi yake haipo tena, weka nakala sehemu nyingine mbili. Jitumie kwa barua pepe, na mtumie ndugu mmoja unayemwamini aliye mbali. Ukitumia WhatsApp, tuma kama hati, si kama picha, kwa sababu picha hupunguzwa ubora na maandishi madogo ya kwenye mhuri hayasomeki tena. Ndani ya flashi yenyewe weka faili moja fupi yenye jina NIMEIPOTEZA, iliyo na namba ya simu ya kupigiwa na atakayeiokota.