Marekani: Pesa ya corona kwa wakulima ilihesabu nini?

Tarehe 26 mwezi wa tano 2020, ofisi za kilimo za wilaya nchini Marekani zilianza kupokea maombi ya wakulima walioumizwa na corona. Serkali ya nchi hiyo ilitenga dola bilioni 16 za kuwalipa moja kwa moja.

Hasara ilikuwa ya kweli. Masomo na mikahawa vilipofungwa, maziwa yalikosa mnunuzi, yakamwagwa. Wafanyakazi wa viwanda vya nyama walipoambukizwa, viwanda vikafungwa, na nguruwe wakauawa bila kuliwa. Mkulima aliandikisha mifugo au mavuno yake, kisha pesa ikaingia benki. Mtu mmoja aliweza kupata hadi dola 250.000. Mwezi wa tisa ikatangazwa awamu ya pili, hadi dola bilioni 14.

Lakini mwenye ng'ombe wengi ndiye alipata nyingi. Kibarua anayevuna kwa mshahara hakuwa na kitu cha kuandikisha. Hata mfugaji anayelisha kuku wa kampuni kwa mkataba aliachwa nje katika awamu ya kwanza.

Njia hii ya kulipa kupitia wilaya ilianza zamani, mwaka 1933, chini ya rais Franklin Roosevelt. Bei ya pamba ilikuwa imeanguka, na serkali ikaamua kuwalipa wakulima wapunguze kulima. Mwaka huo karibu ekari milioni 10 za pamba zilifukiwa kwa jembe. Mikataba ilisimamiwa na kamati za wakulima wa kila wilaya, na huko kusini kamati nyingi zilikuwa mikononi mwa wenye mashamba makubwa.

Ndani ya mashamba hayo waliishi familia nyingi, Weusi na Wazungu, zilizolima ardhi ya wengine na kugawana mavuno na mwenyewe. Mkataba uliwapa fungu dogo. Ila sheki ilipitia kwa mwenye shamba, na wengi hawakugawa. Kwa kuwa pamba ilipungua, mikono ya kazi nayo ilionekana mingi, na familia zikafukuzwa kwenye nyumba zao. Msaada wa wakulima ukawa umewatoa wakulima shambani.

Mwezi wa saba 1934, karibu na Tyronza, mji mdogo wa wilaya ya Poinsett katika jimbo la Arkansas, Wazungu 11 na Weusi 7 waliunda chama kimoja. Walidai fungu lao na kupinga kufukuzwa. Walipigwa na mikutano yao ikavunjwa, lakini chama kilienea hadi majimbo jirani.

Malalamiko juu ya ofisi za wilaya hayakuisha hapo. Mwaka 1997 wakulima Weusi waliishtaki serkali kwa ubaguzi katika mikopo na misaada. Mapatano yalikubaliwa mahakamani mwaka 1999, na serkali ikalipa zaidi ya dola bilioni 1. Kwa wengi pesa ilikuja wakati shamba lilikuwa limekwisha kupotea.

Mwaka 1933 na mwaka 2020, walioandika liste walihesabu ekari, mifugo na mavuno. Jasho halikuwa na safu yake kwenye karatasi. Familia iliyowahi kusubiri jina lake kwenye liste ya msaada inajua maswali yanayobaki: nani alikaa kwenye kamati, na pesa ilipitia mkono wa nani?