Kipupwe cha Mji Kasoro Bahari

Masika ikikatika mwishoni mwa Mei, Morogoro hubadilika. Mahindi yanavunwa, mpunga wa mabondeni unapigwa, na kilele cha Lupanga kilichojificha mawinguni tangu Machi huonekana tena. Asubuhi ni baridi ya kuvaa sweta. Huu ndio msimu ambao Waluguru wa milimani waliutenga kwa ngoma tangu zamani: ghalani kuna chakula, pombe inapikika, njia za Matombo na Mgeta zimekauka, na ndugu wa mbali wanaweza kufika. Shule zilipokuja, likizo ya Juni ikaangukia humo humo. Kwa hiyo nikiwasikia vijana wanaodai kwamba muziki wa watoto wakati wa likizo ni jambo jipya, limeletwa na mahoteli yenye bembea na mabwawa ya kuogelea, huwa nawauliza wamelelewa na nani.

Mimi nililelewa na watu wawili: bibi mzaa mama kule Matombo, na baba aliyekuwa mkata mkonge. Baadaye nikawa mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini hadi nilipostaafu. Kwa Mluguru ukoo, yaani lukolo, hupitia kwa mama, kwa hiyo likizo ikifika hapakuwa na mjadala, nilipandishwa mlimani kwa bibi. Ndiko nilikoiona ngoma ya mwali akitolewa nje. Msichana aliyekaa ndani kwa miezi, na enzi za bibi wengine walikaa hata miaka, hutoka siku hiyo amepakwa mafuta, amepambwa shanga, amebebwa mabegani, na watu wanamtunza fedha. Watoto tulikuwa na nafasi yetu. Tulikaa chini mstari wa mbele, vumbi la miguu ya wachezaji likituingia machoni. Nyuma yetu akina mama na khanga zao. Wazee upande wa kivulini na kibuyu chao. Ya chumbani kwa mwali hatukuruhusiwa kuyasikia, ila ya uwanjani yalikuwa ya wote. Mtoto mwenye miguu myepesi alisukumwa katikati acheze peke yake huku watu wanampigia makofi. Huko ndiko nilikosikia pia mbeta, ngoma ya filimbi ya Waluguru, na hadi leo nikisikia hata mluzi tu mtaani shingo yangu hugeuka.

Nilipokuwa mwalimu niliiona sura ya pili ya mila hii, na siwezi kuisifu bila kusita. Nimepoteza wanafunzi wasichana waliotoka darasani wakaingia ndani, kisha wakatoka ndani wakaenda moja kwa moja kuolewa. Kilichosaidia kwa kiasi ni kusogeza sherehe kwenye likizo za Juni na Desemba, na wazee wengi walikubali, maana Juni ulikuwa mwezi wao hata kabla ya kalenda ya wizara.

Mjini mambo yalikuwa mchanganyiko zaidi. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907 ikitokea Dar es Salaam, na mashamba ya mkonge yakatapakaa kuuzunguka mji: Tungi, Pangawe, Kingolwira. Mkonge ulihitaji mikono, nayo mikono ikaja kutoka kila upande, Wamakonde, Wangoni, Wanyamwezi, kila kabila na ngoma yake. Katika kambi tuliyoishi, Jumapili mchana uwanja ulikuwa mmoja na ngoma zilipokezana. Mtoto wa kambi alijua kutikisa kiuno cha sindimba kabla hajajua kusoma. Hakuna aliyetufundisha wala kutulipisha. Baba yangu, ambaye kwa siku sita alinuka maji ya mkonge, siku ya saba alikuwa mtu mwingine kabisa, na nadhani mama aliolewa na huyo wa siku ya saba.

Halafu kuna dansi, na hapa Morogoro ina haki ya kujisifu mbele ya mji wowote wa Afrika Mashariki. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Mwaka 1948 Salum Abdallah, kijana wa hapa hapa aliyezaliwa 1928 kwa baba mwenye asili ya Kiarabu na mama Mluguru, alianzisha kundi lililokuja kujulikana kama Cuban Marimba. Alikuwa ameshikwa na santuri za Cuba zilizokuwa zikiingia nchini enzi hizo. Basi rumba ya ng'ambo ya bahari ikaja kuimbwa Kiswahili chini ya milima ya Uluguru, katika mji ambao wenyewe tunauita Mji Kasoro Bahari kwa sababu tuna kila kitu isipokuwa pwani. Mji uligawanyika kama ugawanyikavyo kwa Simba na Yanga: nyumba hii Moro Jazz, nyumba ile Cuban. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari Novemba 1965, na Juma Kilaza akaishika Cuban Marimba. Upande wa pili, katikati ya miaka hiyo ya sitini, mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe aliingia Morogoro Jazz. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Mtoto wa mtaa wa Mji Mpya aliyemwona mpiga gitaa wa jirani akirudi kutoka Japani hakuhitaji kuambiwa kwamba muziki ni kazi.

Lakini dansi lilipigwa usiku, nasi watoto tulibaki nje tukichungulia kwenye matundu ya ukuta. Aliyekuwa mrefu aliangalia na kuwasimulia wafupi. Ufumbuzi ulikuja na bugi.

Wasiolijua bugi waelewe kwamba lilikuwa dansi la mchana, Jumamosi au Jumapili, kuanzia kama saa 8 hadi jua linapotaka kuzama. Bendi ni ile ile iliyokesha jana yake au itakayokesha usiku huo, kiingilio ni cha chini, kinachonywewa ni soda, na wachezaji wengi ni wanafunzi. Miaka ya sabini hilo ndilo lililokuwa shule yetu ya pili. Tulikuja na suruali za bugaluu zilizofagia sakafu na viatu vya raizoni vilivyotuongezea urefu ambao Mungu alitunyima. Wengi tuliazima, suruali moja ya kaka yangu iliwahi kwenda bugi wiki tatu mfululizo ikiwa na miguu ya watu watatu tofauti. Wazazi waliokuwa na wasiwasi walikuja wenyewe, wakakaa kwenye viti vya pembeni, na baada ya nyimbo mbili nao wamo ulingoni. Wapo walionung'unika kwamba vijana wanaharibika. Hata serikali ilikuwa na mashaka yake juu ya muziki wa kigeni, na Dar es Salaam muziki wa soul ulipigwa marufuku Novemba 1969. Ila bugi lilikuwa na kinga yake: bendi iliimba Kiswahili, na mpiga tarumbeta aliweza kuwa baba mdogo wa mtu. Ukifanya upuuzi mbele ya jukwaa, habari zilifika nyumbani kabla yako.

Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, na Januari 1979 alikufa kwa ajali ya gari nchini Kenya. Nakumbuka mji ulivyonyamaza. Bendi za Morogoro hazikurudi tena kwenye ukubwa ule.

Kilichochukua nafasi katika miaka ya themanini kilikuwa disko. Mashine moja, spika mbili na kijana mmoja wa kubadilisha kaseti ni rahisi kuliko kuwalisha wanamuziki kumi na watano, na kwa hesabu hiyo bugi lilikwisha. Mrithi wake kwa watoto akawa disko toto la sikukuu. Idd, Krismasi na Pasaka, watoto waliovalishwa nguo mpya, na mkono wa Idd mfukoni, walilipa wakaingia ukumbini peke yao. Wazazi walibaki nyumbani na pilau. Mimi disko toto sikulipenda tangu mwanzo, na wenzangu walinicheka kwamba nimezeeka. Sikuwa na ugomvi na muziki. Nilichokichukia ni ukumbi uliofungwa, madirisha machache, na mwenye ukumbi anayehesabu vichwa kwa ajili ya fedha tu. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitr, karibu watoto 20 walikufa Tabora kwa kukosa hewa na kukanyagana katika disko la namna hiyo, ukumbi ukiwa umejazwa kupita kiasi. Tangu hapo, kila sikukuu inapokaribia, Jeshi la Polisi katika mikoa mbalimbali hutangaza kwamba disko toto ni marufuku. Naunga mkono marufuku hiyo. Hata hivyo marufuku haimpi mtoto mahali pa kwenda, na asiyepewa mahali atakuta kigodoro cha mtaani usiku, singeli juu kabisa, bila bibi wala baba mdogo karibu.

Katika habari hizi za vijana na muziki, Mazimbu, hapa hapa Morogoro, nayo isisahaulike. Wakimbizi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walijenga pale chuo cha Solomon Mahlangu, kilichofanya kazi tangu 1978 hadi kilipokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Vijana wengi wa pale walitoka moja kwa moja kwenye maandamano ya Soweto ya 16 Juni 1976, na tarehe hiyo waliiadhimisha kwa kwaya zao za sauti nne ambazo ziliwafanya wanakwaya wetu wa kanisani waone haya. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoifanya 16 Juni kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991, Morogoro ilikuwa tayari ina zaidi ya miaka kumi ikiisikia tarehe hiyo ikiimbwa.

Shuleni ngoma zilipata heshima baada ya Mwalimu Nyerere kuunda wizara ya utamaduni mwaka 1962. Kabla ya hapo shule nyingi za misheni ziliziona ni ushenzi. Nimefundisha vikundi vya ngoma kwa ajili ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ambayo hufanyika kipupwe hicho hicho, na ninakiri raha yake: mtoto wa Kihonda mwenye wazazi kutoka Kagera akipiga ngoma ya Kiluguru kuliko Waluguru. Lakini mashindano huchagua wachache na wengine wanabaki kushangilia. Kinachokaribia zaidi uwanja wa zamani ni maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Tungi, kwenye viwanja vinavyobeba jina la Mwalimu, ambako Kanda ya Mashariki, yaani Morogoro, Pwani, Dar es Salaam na Tanga, hukutana kila Agosti. Familia nzima huja: baba anaangalia trekta, mama mbegu, watoto ng'ombe wa maziwa na lambalamba, na jioni wote wako mbele ya kikundi cha ngoma. Hapo ninaiona tena ile mistari ya Matombo, watoto chini mbele, wakubwa nyuma. Tatizo ni kwamba ni siku chache, na msimu wenyewe ni miezi mitatu.

Basi ombi langu kwa madiwani wa Manispaa ni dogo. Juni, Julai na Agosti, Jumapili moja kila mwezi, tengeni uwanja wa wazi, saa 8 mchana hadi saa 12 jioni. Iteni bendi moja ya mjini na kikundi kimoja cha ngoma kutoka Matombo, Mgeta au Kinole, na walipwe sawa. Mtoto aje na mkubwa wake, asiyekuja na mkubwa aazimwe mmoja pale mlangoni. Wastaafu wa ualimu tuko wengi mji huu, na hatuna kazi Jumapili mchana.