Kiwanja cha Usharika na Jina Lililoandikwa

Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878. Mchungaji Thomson alifariki mwaka huohuo, Hore akabaki. Kukaa kwao kulitegemea ridhaa ya wakubwa wa mji, na ridhaa ya mtu huondoka pamoja naye.

Yeremia alilijua hilo. Aliponunua shamba la Anathothi alipima shekeli 17 za fedha, akaita mashahidi, akatia hati muhuri, akaagiza iwekwe katika chombo cha udongo. Wababeli wameuzunguka mji, naye nabii anashughulika na hati!

Kwetu, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili wadhamini mwaka 1956, nayo ingali inatumika. Siku hizi usajili uko RITA. Bodi ikisajiliwa, sheria huihesabu kama mtu asiyekufa: humiliki ardhi, hushtaki, hushtakiwa. Wadhamini hubadilika, jina hubaki. Lakini kiwanja kikiandikwa jina la mzee mmoja, hata awe mwaminifu namna gani, akifariki warithi wana la kusema, nasi tutahangaika kutafuta mashahidi.

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 haiyahesabu mashirika ya dini, basi tusikimbilie huko. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Mjane asiye na uwezo aelekezwe kwao. Usharika uanze kwa wakili wa dayosisi, ukiwa na hati mkononi.