Kuvunja matofali (mchezo wa kompyuta)

Kuvunja matofali ni mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji husogeza kibao kilicho chini ya kioo ili kuudundisha mpira na kubomoa ukuta wa matofali ulio juu, tofali moja baada ya jingine. Mchezo wa kwanza wa aina hii ni Breakout, uliotolewa na kampuni ya Atari ya Marekani mwaka 1976. Tangu hapo umeigwa mara nyingi mno kwa majina tofauti, nao hupatikana katika kompyuta, televisheni, simu na mashine ndogo za mkononi. Nchini Tanzania wengi waliufahamu kwa mashine za mkononi na simu kabla ya kuwahi kugusa kompyuta, na jambo hilo lina sababu ya kihistoria (tazama chini).

Kanuni zake hujifunzwa kwa dakika moja. Kuucheza vizuri huchukua muda zaidi, kwa sababu kazi kubwa si kuuzuia mpira usianguke, bali kuchagua mahali utakapokwenda.

Uwanja na kanuni

Uwanja una kuta tatu: kushoto, kulia na juu. Upande wa chini uko wazi. Karibu na juu hupangwa safu za matofali, na chini kabisa kuna kibao, yaani mstari mnene na mfupi unaokwenda kushoto na kulia tu. Mpira hudunda kila unapogonga ukuta, tofali au kibao. Tofali likigongwa hutoweka na mchezaji hupata alama. Mpira ukipita kando ya kibao na kutokea chini, mchezaji hupoteza nafasi moja. Katika Breakout ya awali nafasi zilikuwa tatu. Matoleo mengine hutoa tano au zaidi.

Kibao huendeshwa kulingana na kifaa. Kwenye kompyuta hutumika vitufe vya mshale au kipanya, na kwenye simu ya kugusa hutumika kidole. Mashine za mwaka 1976 zilikuwa na kifundo cha kuzungusha, mfano wa kile cha kuongezea sauti ya redio. Tofauti hii si ndogo. Kifundo, kipanya na kidole hupeleka kibao mara moja mahali panapotakiwa, lakini vitufe hukisogeza kwa mwendo uleule mmoja, hivyo anayetumia vitufe hana budi kuanza safari mapema. Anayetumia kidole naye akiweke chini kidogo ya kibao, maana kidole kikikaa juu yake humficha mchezaji kile anachotaka kukiona.

Kuelekeza mpira

Mwanafunzi aliyesoma fizikia anajua kwamba mpira ukigonga ukuta kwa mshazari hurudi kwa pembe iliyo sawa na ile uliyojia. Kuta tatu za uwanja hufuata kanuni hiyo. Kibao, katika matoleo mengi, hakiifuati. Huko mwelekeo wa mpira hutegemea sehemu ya kibao uliyogonga: ukigonga katikati hupanda karibu wima, ukigonga upande wa kulia huelekea kulia, ukigonga upande wa kushoto huelekea kushoto, na kadiri unavyogonga karibu na ncha ndivyo unavyozidi kulala. Kibao basi ni usukani. Asiyelijua hilo hucheza miezi mingi akidhani mchezo ni wa bahati.

Kosa la kawaida la anayeanza ni kuukimbiza mpira na kuudaka kwa sehemu yoyote ya kibao inayowahi. Dawa yake ni mazoezi mafupi: kwa dakika chache mchezaji asijali matofali wala alama, ajaribu tu kuupeleka mpira kushoto, kisha kulia, kisha wima, kwa kupenda kwake. Macho yafuate mpira, si kibao. Mpira unapoanza kushuka, kibao kiwe tayari karibu na mahali utakapotua, ili sehemu ya mwisho ya mwendo itumike kuchagua pembe.

Mpira unaokwenda wima ni rahisi kuudaka, lakini hupiga palepale. Unaolala sana huzunguka kutoka ukuta hadi ukuta na kuchelewa kurudi, kisha hutokea mahali ambapo ni vigumu kukisia. Pembe za kati ndizo zenye faida kwa muda mrefu wa mchezo.

Kutoboa pembeni

Mbinu inayojulikana zaidi ni kupiga matofali ya ukingo mmoja, kushoto au kulia, hadi kupatikane tundu la kupenya. Mpira ukipita kwenye tundu hilo hukaa juu ya ukuta, ukidunda kati ya dari na matofali ya juu na kuyabomoa mfululizo bila kurudi kwenye kibao. Mchezaji hubaki akitazama.

Mbinu hiyo ilipata umaarufu mpya mwaka 2015, wakati watafiti wa kampuni ya DeepMind ya London walipoeleza katika jarida la Nature jinsi programu yao ilivyojifunza michezo ya Atari kwa kuona kioo na alama tu, bila kuambiwa kanuni. Katika Breakout programu hiyo ilianza kwa kukosa mpira ovyo, na baada ya mazoezi ikafikia kutoboa pembeni. Wachezaji wa kawaida walikuwa wakifanya hivyo kwa takriban miaka 40.

Hasara yake ni kwamba mpira hurudi ghafla. Katika Breakout ya awali hatari iliongezeka, kwa kuwa mpira ukishapenya safu nyekundu na kugonga dari, kibao hupungua kuwa nusu ya urefu wake.

Alama na kasi

Ukuta wa Breakout ulikuwa na safu 8 zenye matofali 14 kila moja, yaani matofali 112. Safu mbili za chini zilikuwa za njano na kila tofali lilikuwa na alama 1. Zilifuata za kijani zenye alama 3, za machungwa zenye alama 5, na nyekundu zenye alama 7. Kila rangi ina matofali 28, hivyo ukuta mzima una 28 × (1 + 3 + 5 + 7) = alama 448. Mchezaji hupewa kuta mbili tu, na alama za juu kabisa ni 896. Akizifikia, mpira huendelea kudunda katika uwanja mtupu.

Kasi ya mpira huongezeka baada ya kugonga mara 4, tena baada ya mara 12, na tena unapofikia safu za machungwa na nyekundu. Matoleo ya baadaye yana hesabu zao, lakini karibu yote hufuata desturi hii: tofali lililo mbali lina thamani kubwa, na anayeliendea hulipa kwa mpira wenye kasi.

Tofali la mwisho huwasumbua wengi kuliko mia moja yaliyotangulia. Mpira huweza kushika njia moja na kuirudia bila kuligusa. Hapo haifai kudaka kwa sehemu ileile ya kibao. Asogee kidogo tu, nayo njia itabadilika.

Historia

Breakout ilitokana na Pong, mchezo wa Atari wa mwaka 1972 uliofanana na mpira wa meza na kuhitaji wachezaji wawili. Nolan Bushnell na Steve Bristow walitaka Pong ya mtu mmoja, wakauweka ukuta mahali pa mpinzani. Kazi ya kutengeneza mfano wa kwanza alipewa Steve Jobs, naye akamwita rafiki yake Steve Wozniak, aliyeimaliza kwa siku nne usiku na mchana. Wozniak amesimulia kwamba aliambiwa malipo ni dola 700, akapewa nusu yake, na miaka mingi baadaye ndipo alipofahamu kuwa Jobs alilipwa maelfu ya dola. Mfano huo ulitumia chipu chache mno hata mafundi wa Atari wakashindwa kuutengeneza kiwandani, wakabuni sakiti yao wenyewe.

Breakout ya awali haikuwa na programu. Kila kanuni ilijengwa kwa nyaya na chipu, na rangi za matofali zilikuwa vipande vya plastiki angavu vilivyobandikwa juu ya kioo cha rangi nyeusi na nyeupe. Wozniak alipobuni kompyuta ya Apple II, iliyotoka mwaka 1977, aliiwekea rangi, sauti na vifundo vya kuchezea kwa sababu alitaka Breakout iweze kuandikwa kwa lugha ya BASIC. Kubadilisha kasi au rangi sasa kukawa kazi ya kuandika upya mistari michache.

Mwaka 1986 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Arkanoid. Humo baadhi ya matofali huangusha vidonge: kimoja hurefusha kibao, kingine hupunguza kasi, kingine huugawa mpira kuwa mitatu. Michezo mingi ya simu ya leo ni kizazi cha Arkanoid. Anayeanza akumbuke kwamba kukifuata kidonge na kuuacha mpira uanguke ni biashara ya hasara.

Nchini Tanzania

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya hasara na matatizo katika uhasibu wa kompyuta, mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na zuio hilo liligusa pia televisheni. Zanzibar ilikuwa na kituo chake cha televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994. Kwa hiyo Breakout ilipotoka, nyumba nyingi za Bara hazikuwa na kioo cha kuichezea, na hali iliendelea hivyo hadi zuio lilipolegezwa hatua kwa hatua.

Masoko yalipofunguka, vifaa vilivyowafikia watu kwanza vilikuwa vya bei nafuu. Kimojawapo ni mashine ya plastiki ya mkononi iliyoandikwa Brick Game, inayotumia betri ndogo na kuwa na kioo cha vidoti 10 kwa 20. Idadi ya michezo inayotangazwa kwenye boksi lake, mara nyingi 9999, ni chumvi. Ni michezo michache iliyohesabiwa upya kwa kila kasi. Kuvunja matofali ni mmojawapo, lakini mpira wake ni kidoti kimoja kiendacho mshazari tu, na pembe haichaguliwi kama kwenye kompyuta. Aliyejifunzia humo ana jicho la haraka, ila hana budi kujifunza upya matumizi ya ncha za kibao.

Leo chombo kikuu ni simu, na duka lake kubwa ni Kariakoo, hasa Mtaa wa Aggrey na mitaa ya jirani. Mchezo mmoja huchukua dakika chache, kiasi cha kutosha kwa abiria anayesubiri kivuko cha Magogoni.

Gharama na tahadhari

Mchezo wenyewe hauhitaji intaneti. Matangazo yaliyopachikwa ndani yake ndiyo yanayokula bando, na mara nyingi kuzima data huyaondoa huku mchezo ukiendelea. Programu inayoahidi kumlipa mchezaji pesa akivunja matofali, au inayomtaka atume pesa kwanza, ikwepwe.

Tena mchezo huu usichanganywe na mashine za sarafu za mitaani, ambazo watoto nazo huziita gemu. Kwenye kuvunja matofali matokeo hutegemea mkono na jicho. Kwenye mashine za sarafu hutegemea bahati, na nchini Tanzania husimamiwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, isiyoruhusu walio chini ya miaka 18 kushiriki. Mtoto anayeaga kwamba anakwenda kucheza gemu aulizwe ni ipi.

Kuutengeneza

Mchezo huu ni zoezi la kawaida kwa wanaojifunza kuandika programu, kwa lugha kama Scratch au Python. Huhitaji kukumbuka mahali mpira ulipo, mwendo wake wa mlalo na wa wima, mahali pa kibao na orodha ya matofali yaliyobaki. Kila hatua, mpira husogezwa. Ukigusa ukuta wa pembeni mwendo wa mlalo hugeuzwa alama ya hesabu, kutoka chanya kuwa hasi au kinyume chake, na ukigusa dari hugeuzwa ule wa wima. Hitilafu inayowashangaza wengi hutokea wanapoongeza kasi: mpira ukiruka kwa hatua moja umbali unaozidi unene wa tofali, hupita upande wa pili bila kuligonga. Hurekebishwa kwa kuugawa mwendo huo katika hatua ndogo na kupima mgongano katika kila moja.