Swali la Dhati ya Mungu katika Fikra ya Kiyahudi: Kutoka Misri hadi Mbale

Katika nyanda za juu za Ufipa, kuanzia Namanyere hadi Sumbawanga, Agano la Kale limesomwa na kuimbwa makanisani kwa zaidi ya karne moja, tangu Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walipoishika ngome ya Karema kandokando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885 na kueneza kutoka huko imani ya Kikatoliki miongoni mwa watu waliokuwa tayari wakimtambua Muumba kwa jina la Leza. Hata hivyo, ni nadra kwa msomaji wa Zaburi au wa kitabu cha Kutoka kuelezwa jinsi Wayahudi, ambao vitabu hivyo vilitoka mikononi mwao, walivyoendelea kwa zaidi ya miaka 2,000 kujiuliza Mungu ni nani katika dhati yake, yaani katika kile kinachomfanya awe Mungu, na mwanadamu anaweza kusema nini juu yake bila kukosea. Historia ya swali hilo inastahili kujulikana Ufipa kwa sababu mbili: kwanza, majibu yake makuu kadhaa yaliandikwa au yalianza kuchipuka katika ardhi ya Afrika, pili, mwanzoni mwa karne ya 20 swali hilohilo liliwafikisha Waafrika wa mashariki mwa Uganda katika dini ya Kiyahudi kwa njia ya kuisoma Biblia wenyewe.

Mmoja asiye na sanamu

Msingi wa mjadala wote umo katika Torati, yaani vitabu vitano vinavyohusishwa na Musa. Sura ya 6 ya Kumbukumbu la Torati inatamka kwamba Mungu ni mmoja, tamko ambalo Myahudi hulikariri asubuhi na jioni, na sura ya 20 ya Kutoka inakataza kumchongea sanamu; lakini vitabu hivyohivyo vinataja mkono wa Mungu, macho yake, hasira yake na hata kughairi kwake, na katika sura ya 33 ya Kutoka Musa anaomba kuuona utukufu wa Mungu, naye anaambiwa kwamba hakuna mwanadamu atakayeuona uso wake akaishi. Kwa hiyo msomaji makini alikutana tangu mwanzo na maandiko yanayomkaribisha Mungu kwa lugha ya kibinadamu na wakati huohuo yanakataza kumfananisha na chochote.

Marabi, yaani walimu wa sheria ambao mijadala yao ilikusanywa katika Talmudi kufikia takriban karne ya 6, hawakuona haja ya kuutatua mvutano huo kwa kanuni moja. Walithubutu kumsimulia Mungu akiomboleza kuharibiwa kwa Hekalu na hata akivaa vikasha vya maandiko ambavyo Wayahudi hufunga kichwani na mkononi wakati wa sala, na walizungumza juu ya Shekina, yaani uwepo wa Mungu unaokaa pamoja na watu wake hata uhamishoni. Walichokisimamia kwa ukali ni matendo, kama vile Sabato, haki sokoni, chakula na sala, ilhali juu ya undani wa Mungu waliacha sauti nyingi zisikike ndani ya kitabu kimoja.

Misri, chuo cha swali

Miongoni mwa wa kwanza kulitwaa swali hilo na kulipa sura ya falsafa alikuwa Filo wa Aleksandria, aliyeishi kati ya takriban mwaka 20 kabla ya Kristo na mwaka 50 baada yake, katika mji wa Misri ambako Torati ilikuwa imetafsiriwa kwa Kigiriki tangu karne ya 3 kabla ya Kristo. Filo alifundisha kwamba akili ya mwanadamu inaweza kutambua kuwa Mungu yupo, lakini haiwezi kufahamu alivyo katika dhati yake, na kwamba maneno kama mkono na hasira yamewekwa katika Torati ili kuwafundisha watu ambao bado hawawezi kuwaza kitu kisicho na mwili. Hilo halikuwa jambo la vitabuni tu, kwani baada ya ghasia za mwaka 38 dhidi ya Wayahudi wa Aleksandria, ambapo sanamu za Kaisari ziliingizwa katika masinagogi, yaani nyumba zao za ibada, Filo mwenyewe aliongoza ujumbe kwenda Roma kuwatetea mbele ya Kaisari Gaio Kaligula, mtawala aliyetaka kuheshimiwa kama mungu.

Karne nyingi baadaye Misri ilimtoa Saadia, aliyezaliwa Fayyum mwaka 882 na kuwa mkuu wa chuo cha Sura nchini Iraki mwaka 928. Mwaka 933 alimaliza kwa lugha ya Kiarabu kitabu juu ya imani na hoja zake, akijibu maswali yaliyokuwa yakijadiliwa wakati huo na wanateolojia wa Kiislamu: ikiwa Mungu ni hai, ni mweza na ni mjuzi, je, uhai, uweza na ujuzi ni vitu vitatu ndani yake? Saadia alijibu kwamba utengano huo umo katika lugha ya mwanadamu, ambayo haina neno moja la kubeba yote matatu kwa pamoja, na kwamba katika dhati ya Mungu hakuna mgawanyiko wa aina yoyote. Na kwa hoja hiyohiyo alilipinga fundisho la Utatu la Wakristo, akiliona kuwa limetokana na kuzitenganisha sifa za Mungu zikawa nafsi.

Jibu lililotikisa fikra ya Kiyahudi kuliko yote lilitoka Fustat, mji ambao leo ni sehemu ya Kairo, kwa Musa bin Maimuni, anayeitwa pia Maimonides au Rambam. Alizaliwa Cordoba nchini Hispania mwaka 1138, akakimbia na familia yake mateso ya utawala wa Almohad, akafika Misri katika miaka ya 1160 na kuwa kiongozi wa Wayahudi wa huko na tabibu wa watawala. Alikuwa akitegemezwa na nduguye Daudi, mfanyabiashara wa vito, ambaye alizama katika Bahari ya Hindi, bahari ileile iliyokuwa ikiitajirisha Kilwa na miji mingine ya mwambao wa Waswahili, na msiba huo ulimlaza Maimonides kitandani kwa karibu mwaka mzima. Mwaka 1168 alimaliza ufafanuzi wake wa Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, akaorodhesha ndani yake misingi 13 ya imani, ukiwemo msingi kwamba Mungu hana mwili. Kisha, kufikia takriban mwaka 1190, alikamilisha kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania kitabu cha Mwongozo wa Waliotatizika, alichowaandikia watu walioijua Torati na falsafa pamoja na kushindwa kuvipatanisha.

Fundisho lake kuu ni kwamba sifa yoyote inayosema Mungu yuko hivi au vile humshusha awe kama viumbe, kwa hiyo kusema kulikonyooka ni kule kunakokanusha, yaani kueleza asivyokuwa. Maimonides mwenyewe alitoa mfano wa mtu anayejua tu kwamba kuna kitu kiitwacho jahazi, bila kujua ni kitu gani. Akiambiwa kwamba si madini, kisha kwamba si mmea unaoota ardhini, kisha kwamba si kitu bapa wala si mviringo, kila kanusho humsogeza karibu na ujuzi, ingawa hakuna hata moja lililomweleza jahazi lilivyo. Kuhusu maneno kama mwingi wa rehema, alieleza kwamba yanataja matendo ya Mungu ulimwenguni, ambayo mwanadamu anatakiwa kuyaiga, na si hali iliyo ndani ya Mungu mwenyewe.

Mabishano ndani ya nyumba moja

Ukali wa fundisho hilo ulizua upinzani unaoonyesha tabia halisi ya fikra ya Kiyahudi. Maimonides alipomweka katika kundi la wazushi mtu anayeamini kwamba Mungu ana mwili, rabi Abrahamu bin Daudi wa Posquières, kusini mwa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1198, aliandika kwamba watu wakubwa na wema kuliko Maimonides walikuwa wameamini hivyo kutokana na maneno ya maandiko, hivyo hakukuwa na sababu ya kuwaita wazushi. Rabi huyo hakuwa akisema kwamba Mungu ana mwili. Alikuwa akikataa kosa la kuelewa lihesabiwe kuwa uasi. Katika miaka ya 1230 mzozo juu ya vitabu vya Maimonides uliwagawa Wayahudi wa Ufaransa na Hispania hadi wakapigana marufuku, lakini vizazi vilivyofuata vilivihifadhi vitabu vyake pamoja na maneno ya wapinzani wake, na leo maneno ya rabi wa Posquières huchapwa kandokando ya sheria za Maimonides katika ukurasa mmoja.

Wengine waliona kwamba Mungu wa makanusho matupu ni vigumu kuombwa. Kutokana na hamu ya Mungu anayeweza kuombwa ilistawi Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi, ambayo kitabu chake kikuu, Zohar, kilijitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Wanakabala walikubaliana na Maimonides kwamba Mungu katika undani wake hafikiwi na wazo lolote, wakamwita kwa upande huo Ein Sof, yaani Asiye na Mwisho. Lakini waliongeza kwamba kutoka humo hutiririka nguvu kumi, kama vile hekima, rehema na hukumu, ambazo kwa njia yake Mungu hutenda ulimwenguni na kujulikana humo. Isaka Luria, aliyelelewa Misri na kujitenga miaka mingi kwa kutafakari karibu na Mto Nile kabla ya kuhamia Safed huko Galilaya mwaka 1570, alifundisha kwamba kabla ya uumbaji Mungu alijibana ili kupisha nafasi ya ulimwengu kuwepo. Luria alifariki mwaka 1572 akiwa na umri wa miaka 38 hivi, lakini wazo lake liliishi, na baada ya mauaji ya Wayahudi milioni sita chini ya utawala wa Wanazi, mwanafalsafa Hans Jonas, ambaye mama yake aliuawa Auschwitz, aliligeukia katika mhadhara wake wa mwaka 1984 alipojaribu kueleza ni Mungu gani angeweza kuyaacha hayo yatokee.

Mbale, 1919

Katika Afrika Mashariki swali hilo lilianza upya kwa njia yake lenyewe. Biblia nzima ilikuwa imepatikana kwa Kiganda tangu mwaka 1896, na mwaka 1914 likaibuka Buganda kundi lililoitwa Chama cha Mungu Mmoja Mwenyezi, maarufu kama Wamalaki kwa jina la mwalimu wao Malaki Musajjakawa, lililoshika Sabato siku ya Jumamosi na kukataa dawa za hospitali. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda na Mprotestanti aliyewasaidia Waingereza kuitiisha mashariki ya Uganda kisha akakosana nao, alijiunga na kundi hilo. Lakini kadiri alivyoisoma Torati alizidi kuamini kwamba amri zake zinapaswa kushikwa zote, ikiwemo tohara. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa tohara ni ya Wayahudi wasiomwamini Yesu, alijibu kwamba kama ni hivyo yeye ni Myahudi, na mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe na kujitenga pamoja na wafuasi wake karibu na Mbale.

Jamii hiyo, iitwayo Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda, haikuvuka mpaka wa imani kwa siku moja. Mwanzoni iliendelea na ubatizo na sala za Kikristo, hadi mnamo mwaka 1920 alipofika Myahudi mmoja aitwaye Yusufu, aliyekaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, sala na uchinjaji wa Kiyahudi. Kwa mafundisho yake na ya Wayahudi wengine wachache waliokuwa Uganda katika miaka hiyo, Abayudaya waliacha hatua kwa hatua kumkiri Yesu kuwa Mungu na kubaki na umoja wa Mungu kama unavyotamkwa katika Torati. Ikumbukwe kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza mafundisho ya kundi la Kikristo la Watchtower, ambayo nayo yanakataa Utatu ingawa hayana asili ya Kiyahudi, yalivuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini na kuingia kusini mwa Ufipa. Hivyo maswali juu ya umoja wa Mungu hayakuwa ya Uganda peke yake.

Kakungulu alifariki mwaka 1928, na jamii yake ilidumu kwa shida hadi Idi Amin alipopiga marufuku ibada ya Kiyahudi, masinagogi yakafungwa na wengi wakahamia dini nyingine. Kampala iliangukia mikononi mwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyohiyo ndiyo iliyoanza Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya ukombozi kutoka Misri, jambo ambalo mamia machache waliobaki waliliona kuwa kazi ya mkono wa Mungu. Mwaka 2002 marabi wa mkondo wa Kihafidhina kutoka Marekani na Israeli waliwapokea rasmi Abayudaya mia kadhaa katika dini ya Kiyahudi, na mwaka 2008 Gershom Sizomu alihitimu urabi Los Angeles na kurejea kuwaongoza katika kilima cha Nabugoye, ambako Zaburi huimbwa kwa Kiganda na kwa mahadhi ya Kiafrika.

Kutoka Filo hadi Kakungulu, historia hii inathibitisha jambo moja: fikra ya Kiyahudi ilikubaliana mapema kwamba Mungu ni mmoja na hachongewi sanamu, ikayaweka matendo ya mwanadamu chini ya sheria, na ikaliacha swali la dhati yake wazi kwa kila kizazi, bila kuwafuta katika kumbukumbu wale walioshindwa katika hoja. Mkristo wa Namanyere hatakiwi kuiacha imani yake ya Utatu ili ajifunze kutoka historia hiyo, wala Mwislamu hatakuwa mgeni katika mjadala wa sifa za Mungu uliofanywa kwa Kiarabu na Saadia na Maimonides. Makatekista, wachungaji, masheikh na walimu wa somo la dini katika shule za Rukwa wanapaswa kuwafundisha vijana kwamba maandiko wanayoyasoma yana wasomaji wa kale kuliko wao, na kwamba kumheshimu Mungu ni pamoja na kupima neno kabla ya kulitamka juu yake na kumsikiliza jirani anayelitamka kwa namna nyingine.