Kabaila, Bepari na Mkulima wa Isimani

Miongoni mwa maneno yanayowasumbua watafsiri wa maandishi ya uchumi ni yale yanayotaja matabaka ya wakulima. Katika makala haya tutayachunguza kwa kufuata utafiti wa shahada ya uzamili uliofanywa mkoani Iringa katika miaka ya mwanzo ya 1970. Tumeichagua Isimani kwa sababu huko suala la nani aitwe nani halikuishia darasani.

Isimani ni nchi kavu iliyo kaskazini ya mji wa Iringa, kwenye barabara iendayo Dodoma. Katika miaka ya 1950 watu wengi walihamia huko kufyeka pori na kulima mahindi ya kuuza. Baadhi yao walipata matrekta, wakakodi mashamba na kuajiri vibarua. Mwaka 1971 Serikali ilianza kuwakusanya wakulima hao katika vijiji vya ujamaa. Tarehe 25 Desemba mwaka huo Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima Saidi Mwamwindi, ambaye baadaye alihukumiwa kunyongwa.

Ni wakati huo huo Adhu Awiti, aliyekuwa akisomea uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipoichunguza Isimani na kueleza jinsi wakulima wake walivyotofautiana kwa mali. Makala yake ilichapishwa mwaka 1973 katika jarida la The African Review. Iliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida ya maandishi ya uchumi ya chuo kikuu hata leo. Mkulima aliyeelezwa humo hakuwa na njia ya kuisoma, wala ya kuuliza kwa nini ameitwa alivyoitwa.

Katika mijadala ya chuoni ya miaka ile lilienea neno la Kirusi, kulak. Mtafsiri alitie nini kwa Kiswahili? Wapo wanaotia kabaila. Hapana shaka wanalichukua katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambamo ubepari na ukabaila vimetajwa pamoja, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Lakini kabaila ni mtu mkubwa kwa nasaba, na ukabaila ni utawala wa wenye ardhi juu ya wasio nayo. Mtu wa Isimani aliyefyeka pori mwenyewe, au aliyekodi shamba la jirani, hakurithi utawala wo wote. Kumwita kabaila ni kumtungia historia isiyo yake.

Bepari nalo lina taabu yake. Asili yake ni Kihindi, na kwanza lilimaanisha mfanyabiashara tu. Harufu ya duka haijalitoka kabisa. Hata hivyo liko karibu zaidi na ukweli. Sisi twapendelea mkulima mwajiri, kwa kuwa hutaja lile hasa linalomtenganisha mtu huyu na mwenziwe, yaani kuajiri, bila ya kumhukumu kabla ya uchunguzi.

Siku hizi mwanafunzi wa uzamili hana haja ya kwenda Dar es Salaam. Chuo Kikuu Mzumbe kina ndaki mjini Mbeya, na kipo Chuo Kikuu cha Iringa, kilichopata jina hilo mwaka 2013. Semina, warsha na makongamano (ambayo matangazo mengi huyachanganya ovyo) yaweza kufanyika mwendo mfupi tu kutoka kwenye mashamba yanayozungumzwa. Hivyo basi watoa mada wataulizwa maswali kwa Kiswahili, na jibu lenye neno kulak halitamridhisha mtu.

Limebaki pengo moja. Yuko mkulima mwenye kishamba chake ambaye, kabla ya mavuno, huenda kulima kwa jirani ili apate chakula. Kibarua hakumtoshi, kwani ana shamba. Mkulima mdogo huficha ujira wake. Wasomaji wa Iringa na Mbeya wenye jina linalotumika vijijini mwao wanaombwa kutuletea, pamoja na mfano wa sentensi.